Pampu Chini ya Gari la Mchungaji

Gari la mchungaji liliwaka vizuri kila asubuhi, na hilo ndilo lililotupoteza. Ukizungusha ufunguo alfajiri, umande wa Nakuru ukiwa bado juu ya boneti, liliitika mara moja. Lakini likishafika Njoro likazimwa, mchungaji akaingia kwa muumini kunywa chai, akitoka halitaki. Stata inazunguka, betri inachoka, injini kimya. Ukiliacha saa nzima lipoe, linawaka kana kwamba halijawahi kukosea mtu. Na hata lilipokubali kuwaka likiwa na joto, ukiondoa mguu kwenye mafuta mngurumo ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, halafu ukakatika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Lilikuwa saluni ya Kifaransa iliyokwisha kutumika miaka kadhaa; mzungu mmoja aliyeuza shamba lake upande wa Njoro na kurudi kwao aliliachia kanisa letu. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na kabureta. Hili halikuwa nayo. Pampu ndogo ya umeme, iliyofungwa chini kule nyuma karibu na tenki, ilisukuma petroli hadi mbele, na pampu kubwa ya kwenye injini ikaigawa kwa nozeli nne, kama lori la dizeli. Petroli iliyozidi ilirudi kwenye tenki kwa bomba lake lenyewe. Naeleza haya kwa sababu asiyeufahamu mzunguko huo hataelewa nilivyotendwa.

Nilikuwa fundi wa injini katika gereji ya Kalasinga mmoja, si mbali na stesheni ya reli. Sisi tulimwita Fundi Mkubwa, naye aliitika. Kabla yangu, Mwafrika katika gereji ile alifanya springi, tairi na grisi. Injini zilikuwa za Fundi Mkubwa na mpwa wake. Alinipima miaka miwili, akinipa kazi ndogo ndogo na kuzikagua nikiwa nimeenda kula. Siku moja akanionyesha meza iliyokuwa chini ya dirisha, yenye vaisi ya kubania vyuma na droo mbili, akasema, "Hii yako. Wewe nachafua, wewe nasafisha." Nilimshukuru Mungu kwa meza ile kuliko nilivyomshukuru kwa mambo mengi makubwa zaidi.

Mpwa alipokwenda ng'ambo, nilimwombea nafasi ndugu yangu katika wokovu. Tulikuwa tumeokoka mwaka mmoja. Alisimama nami siku ya harusi yangu, na nyumba zetu kule Kaptembwo zilitenganishwa na ukuta wa mabati, hata mke wangu akikosa chumvi aligonga tu. Fundi Mkubwa alimchukua kwa neno langu.

Tuligawana magari kwa desturi ya gereji ile. Mmoja alishika mbele, mwingine nyuma. Kila mtu alipima upande wake na kumwambia mwenzake alichokuta, na mwenzake hakurudia. Ndivyo kazi ilivyokwenda upesi. Kati ya mafundi wengine mtindo huo ulikuwa na hatari yake, lakini sisi wawili tulikuwa watu wa ushirika. Kila Alhamisi jioni tulikutana katika nyumba ya mmoja wetu, na mmoja mmoja tukasimama na kuziweka dhambi zetu wazi mbele ya wenzetu. Tuliita jambo hilo kutembea nuruni. Mtu ambaye Alhamisi amekwambia jinsi alivyomtamani mke wa jirani, Ijumaa utamshuku vipi kuhusu bomba la petroli?

Gari lilipokuja mara ya kwanza lilikuja kwa huduma tu, halina ugonjwa. Tenki lilikuwa na uchafu, ndugu yangu akalisafisha, mimi nikaangalia plagi na mkanda wa pampu. Liliporudi baada ya wiki mbili, likivutwa kwa kamba, nilimuuliza jambo la kwanza ambalo fundi yeyote angeuliza.

"Petroli inafika?"

"Inafika, ndugu."

"Umefungua bomba la kurudi?"

"Nimeweka chupa ya soda. Imejaa kabla hujahesabu thelathini."

Hicho kilikuwa kipimo chetu. Chupa ikijaa upesi, pampu ya nyuma ni nzima. Nikaacha nyuma, nikaja mbele, na sikurudi nyuma tena kwa muda wa miezi mitatu.

Fundi Mkubwa alinikuta nimeinama kwenye injini asubuhi moja saa mbili.

"Gari gonjwa saa ngapi?"

"Mchana, Fundi, likishapata moto."

"Sasa wewe napima asubuhi. Daktari gani hiyo?"

Alikuwa sahihi. Tangu siku ile nililiendesha kwanza hadi Lanet na kurudi, nikalizima kwenye jua, nikangoja dakika ishirini, ndipo nikafungua boneti. Nilitoa plagi: zilikuwa kavu. Kwa hiyo halikuwa linazama katika petroli. Lilikuwa na kiu. Nikalowesha matambara kwa maji ya baridi, nikayafunga kwenye mabomba na juu ya pampu kubwa. Baada ya kupoa kidogo likawaka. Basi nikajua kwamba petroli inachemka ndani ya mabomba na kugeuka mvuke, na nozeli haziwezi kurusha mvuke. Na mlio ule wa kupanda na kushuka ulikuwa povu likipita pamoja na petroli. Ndiyo maana lilisumbua zaidi likienda Molo na Mau Summit. Kule juu hata maji ya chai huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha.

Nilifurahi mno kwa kugundua hayo. Nikavuta mabomba mbali na ekzosi, nikayafunga kamba ya asbesto, nikasafisha nozeli, nikaangalia kile kifaa kinachoongeza petroli injini ikiwa baridi isije ikawa kimekwama. Nikatafuta mahali hewa inapoingilia. Nilipoona bado linakufa likisimama, nikazungusha skurubu ya hewa kidogo ili lisizime mbele ya mchungaji. Huo ulikuwa udanganyifu mdogo, nami niliujua.

"Pampu ya nyuma?" akauliza Fundi Mkubwa.

"Imepimwa."

"Nani napima?"

"Ndugu yangu."

"Wewe naona kwa macho?"

"Ameniambia, Fundi. Yeye ni mtu aliyeokoka."

Akavuta ndevu zake, akaenda zake. Alikuwa mtu wa sala kwa namna yake, na hakupenda kubishana na imani ya mtu.

Wenzetu wa tairi hawakuwa na adabu hiyo. Kila gari liliporudi na kamba walinisubiri langoni.

"Mzee wa kanisa, gari lako limerudi nyuma tena?"

"Asubuhi linaokoka, mchana linarudi nyuma," alisema mwingine. "Hilo ni la dhehebu gani?"

"Libatizeni. Si linapenda maji?"

Ndugu yangu aliwakemea. Aliwaambia wasicheke kazi ya mtumishi wa Mungu. Nilimpenda kwa hilo.

Basi nilipokwisha kupima kila kilichoweza kupimwa, nikafanya jambo ambalo nadhani ni sisi tu, watu wa ushirika ule, tungelifanya. Nikaacha gari nikajipima mimi. Tulifundishwa kwamba kazi ya mikono ikizuiwa, moyoni mna kitu. Nilifunga siku mbili. Nikatafuta, na mtu akitafuta dhambi ndani yake hakosi. Alhamisi nikasimama katika nyumba ya mwalimu mmoja aliyetupokea jioni ile, nikasema kwamba nimejivunia meza ya injini, kwamba nilizungusha skurubu ili kumficha mchungaji udhaifu wa kazi yangu, na kwamba nilimwonea wivu ndugu yangu kwa sababu alishuhudia vizuri kuliko mimi. Nikamtaja mbele yake.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la pili. Akainuka, akanikumbatia, nikausikia moyo wake ukipiga kwenye kifua changu. Ni yeye aliyeanzisha wimbo. Wote wakapokea, nami nikalia kwa furaha, nikadhani nimepona.

Jumatatu yake mchungaji alitoka kwenda Elburgon kuzika mama mmoja mkongwe. Akapita Njoro kuchukua wazee wawili, wakazima injini dakika chache, na safari ikaishia hapo. Watu walikaa kando ya kaburi hadi saa kumi na moja. Mwishowe mwinjilisti wa pale akazika, na watoto wa marehemu hawakumsamehe mchungaji kwa muda mrefu. Gari lilirudi Nakuru nyuma ya lori la pareto.

Fundi Mkubwa hakupaza sauti. Alinikuta langoni, mbele ya watu wa tairi, nao siku hiyo hawakucheka.

"Mara ya tatu kamba," akasema. "Mimi naweka jina langu kwa ukuta, watu naona. Kesho wewe grisi na springi. Meza nachukua yeye."

"Yeye" alikuwa ndugu yangu.

"Nitatengeneza, Fundi. Nipe wiki moja."

"Mimi napa miezi tatu."

Nikatoa vitu vyangu kwenye droo mbili. Ndugu yangu alinisaidia kubeba. Aliniambia, "Bwana ana makusudi, ndugu. Mimi nitakuwa nakulindia tu." Nikamwambia amina.

Kazi ya grisi hufanywa chali. Ilikuwa siku ya nne, nami nilikuwa shimoni chini ya gari lile lile la kanisa, nikipiga grisi viungo vya nyuma. Nilikuwa nafuta tope ili nikione kichuchu cha kutilia grisi. Tope la Molo hukauka kama udongo wa chungu. Likabanduka pande la ukubwa wa sahani, na nyuma yake nikaona pampu ya umeme.

Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi kwa brashi, na rangi ikamwagikia hadi kwenye kipande cha chuma kilichoishikilia. Hakuna kiwanda kinachopaka hivyo. Tundu moja la bolti halikukutana na jingine, likaunganishwa kwa waya. Nikakwaruza rangi kwa kucha. Chini yake niliona kovu ninalolijua, la spana iliyoteleza, kwa maana aliyeteleza nilikuwa mimi. Pampu hiyo ilitoka kwenye pikapu bovu lililolala nyuma ya gereji, pikapu la kabureta. Pampu ya namna hiyo husukuma petroli taratibu, inatosha kujaza kikombe cha kabureta. Kwa gari linalohitaji petroli ikimbie na kurudi, ikimbie na kurudi, ili isipate nafasi ya kuchemka, ilikuwa kama kumzimia mtu moto kwa kijiko.

Nikachukua chupa ya soda. Nikafungua bomba la kurudi, nikamwomba mwenzangu wa tairi awashe swichi, nikahesabu. Nilifika thelathini na chupa haikufika robo. Nikaendelea kuhesabu bila sababu hadi mia. Nilikuwa sitaki kutoka shimoni.

Nilimkuta mezani, kwenye meza ile, akifungua kichwa cha injini ya Land Rover.

"Ndugu, ile chupa ilijaa?"

Hakuuliza chupa gani. Alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Umeingia chini?"

"Si ndiyo kazi yangu sasa."

Akaangalia mlangoni, akanieleza kwa sauti ya chini. Siku ile ya kwanza alipolisafisha tenki alisahau swichi. Pampu ikazunguka kavu, bila petroli ya kuipooza, hadi ikaungua. Mpya ingeagizwa Nairobi, na Nairobi wangeagiza ng'ambo. Jumapili iliyofuata alikuwa asimikwe kuwa mzee wa kanisa. Akafunga ile ya pikapu, akaipaka rangi, akatia tope. Kisha akaagiza mpya kimyakimya, kwa jina lake.

"Nilikuwa nangoja ifike," alisema. "Ningeibadilisha, gari lingepona, na hakuna mtu angeumia."

"Na mimi je?"

"Wewe ni mvumilivu," alisema. "Kila mtu anajua wewe ni mvumilivu."

Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimezika wazazi na mtoto mmoja, na Mungu amenitendea mema kuliko nilivyostahili. Lakini katika maneno yote niliyowahi kuambiwa, hayo ndiyo yaliyonichoma zaidi. Alikuwa ameiona subira yangu kama mtu anavyoona punda mpole sokoni, akaipakia.

Nikamwambia aende kwa Fundi Mkubwa aseme. Akaniomba nisubiri hadi Alhamisi. Angesema kwanza mbele ya ndugu, apate nguvu, kisha aende kwa Kalasinga. Nikakubali. Siku zile zote nilipiga grisi na kumpita kwenye meza yangu.

Alhamisi alisimama. Nilishika mkono wa mke wangu. Akasema Bwana amemwonyesha uvivu wake katika kusoma Neno, na ukali wake kwa watoto. Akatoa machozi, na yalikuwa machozi ya kweli, ndilo lililonishangaza. Watu wakamsifu Bwana. Akaketi bila kunitazama. Nikangoja labda atainuka tena. Wimbo ulipoanza mimi sikufungua kinywa.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwambia Fundi Mkubwa, "Naomba uje shimoni na chupa."

Hakuuliza. Alivua saa, akakunja mikono ya shati, akaingia mwenyewe na umri wake ule. Alihesabu kwa Kipunjabi. Alipotoka alikuwa na tope kwenye kilemba, akamwita ndugu yangu, akamwonyesha chupa tu. Ndugu yangu akakiri mara moja, kwa maneno machache, wala hakutoa chozi.

"Pampu naungua, hiyo hapana makosa," alisema Fundi Mkubwa. "Mimi naunguza mbili, Kisumu, kijana kama wewe. Makosa iko nafunga mdomo, na huyu nalala chini ya gari." Akamwambia arudi kwenye grisi. Ndugu yangu alikunja ovaroli yake akaondoka kabla ya saa sita, na hakurudi.

Nikarudishiwa meza siku ile ile. Nikadhani mambo yamekwisha.

Jumamosi wazee watatu wa ushirika walikuja nyumbani kwangu. Mke wangu akawapikia chai. Waliisifu, wakaomba, kisha mkubwa wao akaanza.

"Ndugu, tumesikia. Hatusemi hakukosea."

"Asanteni."

"Lakini kwa nini hukulileta jambo hili kwetu?"

"Nilimpa Alhamisi alilete yeye. Mlikuwepo. Alileta uvivu."

"Ungetuambia sisi."

"Kazi iliharibika kwa Fundi Mkubwa. Jina lililoharibika ni langu kwake."

"Ulimpeleka ndugu mbele ya mtu asiyeamini," alisema wa pili, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Mtume alitukataza. Ulimkabidhi kwa mtu wa kilemba."

"Mtu wa kilemba aliingia shimoni," alisema mke wangu kutoka jikoni. "Nyinyi mlimwimbia."

Wakajifanya hawakusikia. Walinitaka nisimame Alhamisi nitubu kwa kumfunua ndugu. Nikasema naweza kutubu hasira, nilikuwa nayo, lakini siwezi kutubu kusema kweli. Basi wakasema nikae pembeni kwa muda, nisishuhudie wala kuomba mbele ya watu, mpaka Bwana anivunje. Walipoondoka waliingia kwa ndugu yangu hapo jirani, nami nikasikia, kupitia ukuta wa mabati, wakikaribishwa chai ya pili.

Pampu ile iliyoagizwa ilifika baada ya wiki tano. Niliifunga mwenyewe, nikajaza chupa mara tatu, nikairudisha skurubu ya hewa mahali pake pa haki. Kisha nikamwomba mchungaji twende pamoja hadi Mau Summit saa za jua kali. Tulipofika juu nilizima injini. Tukakaa ndani, madirisha wazi, malori yakipita na mbao za mierezi. Mchungaji alikuwa mtu mwema asiyependa ugomvi. Alikuwa anajua yote.

Baada ya dakika ishirini nikazungusha ufunguo. Liliwaka kwa mguso wa kwanza. Nikaondoa mguu kwenye mafuta na mngurumo ukatulia, sawasawa, mpaka ungeweza kusikia kwato za ng'ombe wa mtu ng'ambo ya barabara.

"Bwana asifiwe," alisema mchungaji.

"Asifiwe," nikasema, na nilimaanisha.

Mchungaji akanigeukia. "Wazee wale," alisema, "hawataki mengi. Njoo Alhamisi, useme neno moja tu, yaishe. Wewe ni mtu wa subira."

Nilimwambia kwa heshima kwamba sitakuja. Kisha nikazima injini tena nikamwomba tungoje dakika ishirini nyingine, maana mara moja haitoshi kumwamini mtu wala gari. Alitoa Biblia yake akasoma. Mimi niliangalia saa.